Gamba Moja Lisilogawanyika: Kisa cha Karl Schmidt na Nyoka Aliyekosa Jina

Tarehe 25 Septemba 1957, nyoka mchanga mwenye urefu wa sentimita 76 hivi alichunguzwa katika makumbusho ya historia asilia ya mji wa Chicago, Marekani. Alikuwa ametumwa na Marlin Perkins, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Lincoln Park ya mji huohuo, ambaye alitaka kujua jambo moja tu: huyu ni nyoka wa aina gani? Ombi hilo ni la kawaida kabisa, na kila mtu anayesifika mtaani kwamba anawajua nyoka amewahi kulipata, ama kwa kiumbe kilicholetwa ndani ya kopo, ama kwa picha iliyotumwa kwenye simu. Siku iliyofuata, kabla ya jua kuchwa, mtu aliyempokea nyoka huyo mkononi alikuwa amefariki.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu wanaotaka kufuga nyoka huuliza kwanza juu ya rangi, ukubwa na ukali wake, na swali la jina huja baadaye, kama mapambo. Naamini mpangilio huo ni wa kugeuzwa juu chini. Nyoka ambaye jina lake halijathibitishwa hafai kufugwa hata kama ni mpole, hata kama ni mdogo kama kalamu, na sijaona kisa kinachoeleza sababu kwa uwazi kuliko hiki.

Aliyegongwa alikuwa Karl Patterson Schmidt, mwenye umri wa miaka 67, mtaalamu aliyewahi kuongoza idara ya zoolojia ya makumbusho hayo hadi alipostaafu mwaka 1955. Hakuwa mgeni kwa nyoka wa Afrika. Mwaka 1923 alichapisha uchambuzi wa nyoka waliokusanywa na msafara wa Wamarekani uliozunguka Kongo ya Wabelgiji kati ya 1909 na 1915, kazi inayomlazimu mtu kuhesabu safu za magamba ya mamia ya nyoka mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo hatuwezi kukieleza kisa hiki kwa kusema kwamba mtu asiyejua alichezea asichokijua. Maelezo hayo ni mepesi mno, na hupendwa kwa sababu humwacha msomaji akijiona salama.

Nyoka mwenyewe alikuwa na kila dalili ya kuwa boomslang, jina la Kiafrikana lenye maana ya nyoka wa mti, ambaye wanasayansi humwita Dispholidus typus. Anapatikana katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, Kenya na Tanzania zikiwemo. Umbo la kichwa lililingana, rangi ililingana, na magamba ya mgongoni yalikuwa na ule mstari ulioinuka katikati unaoyafanya yakwaruze kidole. Kilichozuia uamuzi kilikuwa gamba moja, lile linalofunika tundu la haja upande wa tumboni, mahali mkia unapoanzia. Kwa boomslang wa kawaida gamba hilo limegawanyika mara mbili, lakini kwa nyoka huyu lilikuwa moja, zima. Wataalamu waliokuwapo wakasita, na wakati bado wanajadiliana Schmidt akampokea nyoka kutoka kwa mwenzake, Robert Inger, bila kuchukua tahadhari yoyote, kama alivyokiri mwenyewe baadaye kwa maandishi. Nyoka akamgonga papo hapo kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto. Mdomo ulikuwa umefunguka sana, na kati ya chonge mbili za nyuma ni ya kulia pekee iliyozama, kwa kina cha milimita tatu hivi.

Hapa ningependa msomaji atue kidogo. Gamba lile halikusema uongo. Viumbe hutofautiana, na katika kila spishi hutokea mmoja mmoja ambaye hesabu ya magamba yake haifuati kitabu. Ndiyo maana mtambuzi makini hutegemea alama nyingi kwa pamoja. Kosa lilikuwa katika namna shaka ilivyotumiwa. Alama tatu zilisema boomslang, moja ikasema huenda siye, na mkono ukanyooshwa kana kwamba ile moja imezishinda zile tatu. Shaka ya utambuzi ilipaswa kuongeza hadhari, lakini siku ile iliipunguza. Methali yetu inasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nadhani aliyewashika nyoka miaka mingi bila kudhurika hufikwa na kinyume chake, yaani hata nyoka wa kweli hamshtui tena.

Schmidt aliyaandika yaliyompata, na maandishi hayo, yaliyochapishwa mwaka 1958 na mwenzake Clifford Pope, ndiyo yanayotuwezesha kukifuata kisa saa kwa saa. Alipanda treni ya abiria kurudi nyumbani Homewood, kusini mwa Chicago, na kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja na nusu jioni alisikia kichefuchefu kikali bila kutapika. Katika saa iliyofuata alipata baridi na kutetemeka, kisha homa iliyofika nyuzi 38.7 za selsiasi, na fizi zikaanza kutoa damu. Saa mbili na nusu usiku alikula vipande viwili vya mkate uliolowekwa katika maziwa, akalala usingizi mzuri hadi baada ya saa sita. Alipoamka kwenda haja ndogo, kilichotoka kilikuwa damu zaidi kuliko mkojo, ingawa kwa kiasi kidogo. Saa kumi na nusu alfajiri alikunywa maji na kutapika kwa nguvu, kisha akajisikia nafuu na kulala tena.

Asubuhi joto la mwili lilikuwa limeshuka hadi nyuzi 36.8. Alikula uji wa nafaka, mayai na mkate, tufaha zilizopondwa, akanywa kahawa, na akaandika kwamba mdomo na pua vinaendelea kutoa damu, ila si nyingi. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa kama anataka daktari alikataa, kwa hoja kwamba matibabu yangevuruga dalili alizokuwa akiziandika. Kwenye saa nne alipiga simu makumbusho akasema kesho atarudi kazini. Baada ya chakula cha mchana alitapika, pumzi ikaanza kumshinda, na kufikia saa tisa alasiri ilitangazwa kwamba amefariki. Uchunguzi wa maiti ulikuta damu imevuja katika mapafu, figo, moyo na ubongo.

Ile nafuu ya asubuhi ndiyo sehemu ya kisa inayostahili kuangaliwa kwa karibu zaidi, kwa kuwa ndiyo inayowaponza watu hata leo. Watu wengi wa kwetu wanaijua sumu ya koboko, ambayo hushambulia mishipa ya fahamu na kuweza kumwangusha mtu kwa muda mfupi, na wanaijua ya kifutu, ambayo huvimbisha na kuozesha kiungo kilichogongwa. Sumu ya boomslang haifanani na yoyote kati ya hizo. Inawasha mfumo wa kugandisha damu mwilini kote kwa wakati mmoja, hasa kwa kuziamsha protini zinazoanzisha mgando, mpaka fibrinojeni, yaani malighafi yenyewe ya mgando, inatumika yote na kuisha. Hapo damu haiwezi tena kuziba hata tundu dogo, na mishipa midogo ya fizi, figo na ubongo huanza kuvuja. Kazi hiyo huchukua muda. Mgonjwa anaweza kukaa saa nyingi, pengine siku nzima, akiwa na jeraha dogo lisilovimba sana na maumivu ya kuvumilika, anazungumza, anakula, anapanga safari ya kesho, huku damu yake ikizidi kupoteza uwezo wa kuganda.

Kuna kipimo ambacho zahanati ndogo kabisa inaweza kukifanya, na ambacho ningetamani kila mfugaji akijue. Mililita mbili za damu ya mshipa huwekwa ndani ya chupa ndogo ya kioo, mpya au safi na kavu, isiyooshwa kwa sabuni, kisha chupa husimamishwa wima mahali pa kivuli bila kutikiswa kwa dakika 20. Baada ya hapo huinamishwa mara moja. Damu ya mtu mzima wa afya itakuwa imeshikamana kama jeli na kubaki mahali pake, na damu ya mtu aliyeingiwa na sumu ya namna hii itatiririka kama chai ya rangi. Chupa ya plastiki haifai, kwa kuwa ni kioo kinachoanzisha mgando, na jibu zuri la mara ya kwanza halitoshi: kipimo hurudiwa, kwa sababu sumu inaweza kuwa bado haijamaliza kazi. Sisemi kwamba kipimo hiki kingemwokoa Schmidt. Dawa mahsusi ya kuzima sumu ya boomslang ilikuwa imetengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1940, mbali sana na Homewood, na hadi leo dawa za mseto zinazotumika dhidi ya swila, koboko na kifutu hazifanyi kazi kwa boomslang. Ila chupa ile ingemwambia, asubuhi ya mayai na kahawa, kwamba nafuu anayoihisi si nafuu.

Kwa nini basi mtaalamu wa kiwango kile aliidharau hatari? Nyoka alikuwa mchanga, jino lililoingia lilikuwa moja, na dalili zilionekana kutulia. Nyuma ya hayo yote palikuwa na dhana ya zamani kwamba nyoka wenye chonge za nyuma hawana uwezo wa kumdhuru binadamu kwa dhati. Chonge zao hazina tundu la ndani kama sindano ya hospitali bali mfereji wa kando, na ziko ndani ya mdomo, karibu chini ya jicho, hivyo ilidhaniwa kwamba nyoka anahitaji kutafuna kwa muda ndipo sumu ipenye. Boomslang anaweza kufungua mdomo kwa upana wa kushangaza, na taarifa za watu waliogongwa naye zilikuwa zimeandikwa Afrika Kusini tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Zilisomwa, lakini hazikupewa uzito.

Dhana hiyo haikuzikwa pamoja na Schmidt. Mwaka 1975 Robert Mertens, mtaalamu maarufu wa nyoka na mijusi wa Frankfurt, Ujerumani, alifariki siku 18 baada ya kugongwa na nyoka wa jenasi Thelotornis aliyekuwa akimfuga. Huyu ni yule nyoka mwembamba wa Afrika anayejinyoosha kwenye tawi hadi asitofautike na kijiti kikavu. Naye ana chonge za nyuma, naye sumu yake huharibu mgando wa damu, na kwake yeye dawa haikuwepo wala haipo hadi sasa. Huko Asia, nyoka wa jenasi Rhabdophis waliwahi kuuzwa kwa wafugaji wa Ulaya kama viumbe wasio na madhara, mpaka madaktari walipoanza kupokea wagonjwa wanaovuja damu.

Si haki, hata hivyo, kuwatia nyoka wote wa chonge za nyuma katika kapu moja. Nyoka wa pua iliyopinda juu wa Marekani, Heterodon nasicus, yumo katika kundi hilohilo na anafugwa na maelfu ya watu. Akimng'ata mtu kwa muda mrefu, mara nyingi matokeo yake ni mkono uliovimba. Wala familia ya kisayansi haimsaidii mnunuzi, maana boomslang yumo katika familia moja na nyoka wa mahindi wa Marekani, Pantherophis guttatus, ambaye hana sumu ya kumdhuru mtu na ni mmoja wa nyoka wanaofugwa zaidi duniani. Anayesema "hao ni jamii ya wasio na sumu" hajasema kitu mpaka ataje spishi.

Tukikirudisha kisa hiki nyumbani, ndipo swali la nani anafaa kufugwa linapata umbo. Kijana anayeokota nyoka mchanga chini ya mwembe huko Kilifi au Morogoro yuko katika hali ileile ya meza ya Chicago, isipokuwa yeye hana wenzake wa kujadiliana nao. Boomslang mchanga hana kitu hata kimoja kinachotangaza hatari kwa jicho la mtu wa kwetu: hana shingo pana ya swila, hana unene wa kifutu. Ni mwembamba, wa kijivu na kahawia kama ganda la mti, na ana macho makubwa ya kijani yanayompa sura ya kupendeza. Nakiri kwamba ni mmoja wa nyoka wazuri zaidi niwajuao. Kinyume chake yupo nyoka mla mayai wa jenasi Dasypeltis, ambaye takriban hana meno, lakini hujikunja, hukwaruza magamba yake yakatoa sauti ya kutisha, na hufanana na nyoka wa sumu kiasi kwamba huuawa bila hatia. Sura inawaponza wote wawili, mtu na nyoka.

Mfano ninaouogopa kuliko hata boomslang ni wa jenasi Atractaspis, nyoka mweusi au wa kahawia iliyokolea anayeishi ardhini, mwenye macho madogo kama vichwa vya sindano na kichwa kisichotofautika na shingo. Anaonekana kama mnyonge. Mtu aliyefundishwa kumshika nyoka nyuma ya kichwa humshika hivyo na kujiona salama, kumbe nyoka huyu hutoa chonge moja pembeni mwa mdomo uliofungwa na kuchoma kidole kinachomshika. Maumivu ni makali, nyama ya kidole inaweza kuoza, na hakuna dawa mahsusi ya kuzima sumu yake. Ustadi wa mkono, ambao wafugaji wengi hujivunia, hapo ndipo unapogeuka kuwa njia ya kuumia.

Sheria inalirahisisha jambo hili zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 nchini Kenya, na ile ya mwaka 2009 nchini Tanzania, nyoka wa porini ni mnyamapori, na kumweka nyumbani bila kibali ni kosa. Wapo wanaouona huo kuwa usumbufu wa ofisi tu. Kwa maoni yangu, kibali ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa fomu inadai jina la spishi na asili ya mnyama, na jina ndilo lililokosekana Chicago.

Anayepata kibali ana chaguo chache ambazo naweza kuzitetea. Chatu wa kifalme, Python regius, ambaye makazi yake huanzia Afrika Magharibi hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa kawaida hafikii mita moja na nusu, hana sumu, na akiogopa hujiviringa kama mpira na kuficha kichwa katikati. Lakini anaweza kuishi miaka zaidi ya 20, yaani mtoto wa darasa la nne atakayepewa atamaliza chuo nyoka akiwa bado ndani ya sanduku lake, na biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Aliyezaliwa kwa wafugaji ni bora mbali na aliyekamatwa porini, ambaye mara nyingi huja na kupe, hugoma kula, na hufa. Nyoka wa nyumbani wa kahawia wa jenasi Boaedon, mwenye magamba laini yanayong'aa na mistari miwili iliyopauka kila upande wa kichwa, ni mla panya wa Afrika Mashariki anayekaa vizuri sandukuni. Chatu mkubwa wa Afrika simshauri mtu yeyote. Hana sumu, ila anaweza kuzidi urefu wa mita tano, na wakati huo hakuna nyumba ya kawaida inayomtosha.

Kwa muuzaji, maswali ni mafupi. Jina lake la kisayansi ni lipi, alizaliwa wapi, wazazi wake wanaonekana? Majibu ya namna ya "alikamatwa shambani" au "tunadhani ni wa jamii fulani" yatoshe kumfanya mnunuzi arudishe pochi mfukoni. Na ikiwa nyoka asiyejulikana yuko tayari mkononi mwa mtu aliyekwisha kung'atwa, mambo ni mengine kabisa: pete na saa zivuliwe, kiungo kitulizwe, kisifungwe kamba, kisichanjwe wala kunyonywa, na mgonjwa afikishwe hospitalini hata kama anajisikia mzima, akae chini ya uangalizi kwa muda wa kutosha damu kupimwa zaidi ya mara moja.

Ikiwa hakuna aliyegongwa na shida ni jina tu, nyoka hana haja ya kushikwa na mtu yeyote, hata mtaalamu. Asukumwe kwa fimbo ndefu aingie kwenye sanduku la plastiki linaloonyesha ndani, kifuniko kibanwe kwa mkanda, kisha apigwe picha nne: kichwa kutoka juu, kichwa kutoka pembeni, mgongo kwa karibu, na tumbo kutoka chini sanduku likiwa limeinuliwa. Katika picha hiyo ya mwisho gamba la tundu la haja huonekana vizuri kupitia plastiki, likiwa limegawanyika au halikugawanyika, bila mkono wa mtu kuingia ndani.